Magendo ya Mama Faustini

Wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa adabu na wengine kwa kicheko, kwa nini siku mliyoniaga nilitoka maktabani tumbo limevimba, na tumbo lenyewe likilia tik, tik, tik. Nitafika huko. Mmeniomba niandike ya kazini ili yawafae ninyi mliobaki, na mstaafu hakatai kuombwa kusimulia. Ni kama kumwomba mbuzi aonje majani ya kunde.

Kuhusu vyeo na mshahara sitaandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara ulikuwa mwoga, haukupenda kulala nyumbani kwangu.

Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vya kubana na Kiswahili cha Karagwe, kule wazazi wangu walikoishi kabla hatujarudi nyumbani. Nilidhani nitapewa meza. Mama Beata, mkutubi niliyemkuta, akanipa kitambaa. "Futa," akasema. Nikafuta hadi kitambaa kikawa cheusi. Huku Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, mlima hutuma vumbi, ziwa hutuma ukungu, na viwili hivyo hukutana rafuni kama wakwe wasiopendana. Kitabu kisipofutwa kila juma huota ndevu.

Vifaa vyake Mama Beata vilikuwa gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, uzi wa fundi viatu, na pua. Kila kitabu kilichorudishwa alikinusa. "Hiki kinanuka sambaza," angesema, akimaanisha vile vidagaa vya ziwa letu. "Kimesomwa jikoni. Vizuri sana." Kikirudi kisafi alikunja uso. "Hiki kilikaa juu ya kabati kuwatisha wageni."

Alinipa kanuni moja tu, nayo niliicheka: "Msomaji hafukuzwi kwa kosa la kutosoma." Nilicheka mpaka walipoanza kuja wale wanaosahau.

Walikuja taratibu, hatukuwaona. Mji huu huamka mapema na kukimbilia mpakani, na nyumba nyingi hubaki na mzee mmoja na redio. Maktaba ina viti, ina choo, haivuji. Mzee Leonidasi, aliyekuwa mwalimu wa jiografia kule Mahoko, alikuwa anashika gazeti juu chini na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Tulidhani anaikejeli serikali. Binti yake ndiye aliyetueleza kwamba daktari ameuita ugonjwa wa kusahau, dimenshia; kwamba jirani ameuita uchawi; na shemeji amesema ni pombe ya ndizi, huku ameiinamia akiimaliza.

Sikuwa nimesomea ugonjwa huo. Tulijifunza kwa kukosea. Mlangoni tulikuwa na mkeka mweusi wa kufutia miguu, na kila asubuhi Mzee Leonidasi alifika hapo, akasimama, akashika ukuta, akatazama chini. Silasi, mlinzi wetu wa mlangoni, alidhani mzee anagoma kufuta viatu.

"Mzee, pita basi!"

"Pita wewe. Ile shimo umechimba lini?"

"Shimo gani? Ni mukeka!"

"Anza wewe, mi nikuone."

Silasi akasimama juu ya mkeka, akaruka ruka. Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Huyu anaelea," akaniambia. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba macho yake yanaona shimo, na mtu mwenye akili haingii shimoni ili kumfurahisha mlinzi. Tukautoa mkeka, tukaweka wa rangi ya majani makavu. Kesho yake aliingia kama bwana harusi.

Mlango wa choo tuliuchorea choo, kwa rangi nyekundu, bila aibu. Kabla ya hapo ofisi ya mkuu wetu ilikuwa ikipokea wageni wengi waliokwisha kufungua mikanda. Vilevile niliwakataza wote kumwuliza mzee yeyote "Unanikumbuka?" Hiyo si salamu, ni mtihani, na hakuna anayependa kuanza asubuhi kwa kufeli. Taja jina lako wewe, sema umefurahi, vuta kiti.

Halafu mvua ikamleta Mama Faustini.

Katika nguvu zake alivuka Petite Barrière, kizuizi kidogo cha mpakani, kila siku ya Mungu, kutoka huku kwenda Goma na kurudi, akiuza vitenge. Wanawake wa rika lake hawakubeba mali yote kichwani. Nyingine waliiweka kichwani ili duanye, yaani mtu wa forodha, apate cha kutoza. Iliyobaki waliifunga kiunoni, kitenge juu ya kitenge, chini ya kile kilichovaliwa, hata mwanamke mwembamba akafika mpakani na nyonga za bibi harusi. Mji mzima ulijua. Maduanye walijua pia. Wengine walikuwa wamewaoa.

Ugonjwa ulikuwa umemchukulia mengi: mwaka, njia ya nyumbani, hata uso wa mwanawe wa pekee. Mpaka haukuuchukua. Kila asubuhi miguu yake ilimwambia muda umefika, na mara kwa mara alikutwa kule kizuizini akigombana na askari, bila karatasi, kiatu kimoja mguuni. Sasa, huyo mwanawe Faustini anafanya kazi ya forodha, mpakani papo hapo. Mnaweza kuwasikia wenzake: "Faustini, njoo, magendo ya kwenu yamefika!" Yeye angecheka pamoja nao, kisha akamshika mama yake mkono na kumrudisha nyumbani.

Kwa kuwa maktaba iko njiani, tulianza kumvizia. Silasi alimsalimu, mimi nikatoa chai na vitabu vya picha, na siku nyingine safari ya Goma iliishia hapo. Nilijiona hodari. Kisha vitabu vikaanza kupotea.

Mkuu wetu aliwashuku wanafunzi, maana wanafunzi hushukiwa kwa kila jambo. Silasi akanijia, ananong'ona.

"Madamu, ile mukecuru, ule mama muzee wa vitenge, anaingiaka mwembamba. Anatokaka na mimba."

"Silasi, yule ana wajukuu."

"Donc? Ndiyo maana naogopa."

Nikamwita mama chumba cha nyuma, nikamwomba kwa heshima anifungulie. Chini ya kitenge cha kwanza kulikuwa na cha pili, chini ya cha pili cha tatu, na katikati, kwa fundo ambalo sijapata kuliona pengine, kulikuwa na atlasi, kitabu cha ufugaji wa sungura, hesabu za darasa la nne, na kanuni za maktaba yetu, zile zinazosema kitabu kisitoke bila ruhusa.

"Mama, hivi vinakwenda wapi?"

"Goma," akasema, kana kwamba nimemwuliza jua linatua wapi. "Kule hawana. Hii ya sungura wataipigania."

"Na duanye akikukamata?"

Alinitazama kwa huruma. "Madamu, duanye ni mwanaume. Anaangaliaka tu kitu iko kwa kichwa."

Mkuu wetu alitaka azuiwe mlangoni. Juma hilo hilo Faustini akaja kuniambia kwamba amesafisha chumba cha nyuma cha nyumba yake, chenye dirisha dogo linalotazama jiko, na kwamba atakuwa akimfungia humo akienda kazini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Siku moja gari itamugonga, Madamu," akasema. "Utaniambia nini siku hiyo?" Nilichojua ni kwamba mwanamke aliyevuka mpaka maisha yake yote, ukimfungia chumbani, utakuwa umemzika mapema kidogo. Nikamwomba anipe muda. Akanipa, kwa sura ya mtu anayemkopesha mlevi.

Mnajua maktaba yetu ni majengo mawili na ua katikati. Jengo la pili lilikuwa stoo ya magazeti ya zamani. Tuliyatoa, tukaweka meza, viti na birika. Kisha Silasi akafunga kamba ya katani kukata ua: huku Gisenyi, kule Goma. Tukamshauri Mzee Leonidasi kwa kuwa ni mtu wa jiografia. Alizunguka kamba akiwa ameshika mikono nyuma, akaamuru isogezwe hatua moja kuelekea ziwani. "Mpaka hauwekwi ovyo," akasema. "Vita huanza hivyo." Tukausogeza.

Silasi akavaa kofia ya zamani, akawa duanye. Kule Goma wazee wengine walikaa mezani, wakawa wateja. Asubuhi ya kwanza Mama Faustini alipofika, nilimwambia tu kwamba Goma kuna uhaba wa vitabu na kwamba leo njia ni ya uani. Akatazama kamba, akatazama kofia. Akaingia rafuni kufunga mzigo.

Silasi alimkagua kwa ukali ambao sikujua anao. Alimwuliza anatoka wapi, anakwenda kwa nani, mbona jana alipita na leo anapita. Akapekua kikapu cha kichwani hadi chini. Hakukuta kitu, maana hakutafuta pengine. Mama Faustini akavuka akiwa ameinua kidevu, akafungua vitenge mbele ya wateja wake, na Goma ikapata atlasi. Siku hiyo alikula sahani nzima. Hakukumbuka mpaka ule mwingine. Jioni, wakisha kwenda, sisi tulirudisha vitabu Gisenyi kwa magendo yetu wenyewe, na mkuu wetu akaacha kuhesabu rafu.

Silasi alikuwa na sheria yake, iandikeni ukutani: duanye lazima ashuku, na lazima ashindwe. Nilidhani ni mchezo wake tu, hadi alipoondoka kwenda kumzika mjomba wake Busasamana, akashika zamu mlinzi mwingine, mtu mwenye adabu nyingi. Huyu alipomwona mama mzee anakuja na kikapu, aliinua kamba kwa mikono miwili.

"Karibu sana mama. Wewe pita tu, hakuna shida."

Mama Faustini aliganda. Alirudi nyuma, akaja mezani kwangu, akafungua vitenge mwenyewe, akanirudishia vitabu.

"Leo hapana," akasema. "Ule anacheka. Duanye akicheka, mbele kuna mutego."

Nilimbembeleza. Mlinzi akaja kuomba radhi, akicheka zaidi ili kumtuliza, ikawa mbaya zaidi. Chai hakuigusa. Mchana, nilipogeuka kumhudumia msomaji, alitoka. Na walimkuta nusu ya njia ya kwenda Petite Barrière, katikati ya pikipiki, amekasirika, akitafuta mpaka wenye watu wa maana.

Faustini alifika maktabani kesho yake asubuhi, amemshika mama yake mkono mmoja, na mkono wa pili ana kufuli jipya, bado na kadi yake ya dukani. Alikuwa amevaa shati la kazini. Akaliweka kufuli juu ya meza yangu.

"Nimekuja kuaga, Madamu. Leo tu anywe chai na wenzake. Kesho anabaki nyumbani."

"Hujawahi kumwona anavuka," nikasema.

"Sitaki kuona mama yangu akichezewa."

"Anayechezewa si yeye. Silasi bado yuko msibani, na yule mwingine simwachii kamba tena. Kasimame wewe."

"Mimi?"

"Si ndiyo kazi yako?"

Alitazama saa yake. Kisha, labda kwa sababu alikuwa amechelewa na hakutaka mabishano, akatoka uani, akasimama kwenye kamba. Nyuma yangu niliwasikia vitenge wakifungwa. Ndiyo, nimeandika niliwasikia, kama watu: mikononi mwa mama yule vitenge vilikuwa viumbe, vilinong'ona.

Alitokea na kikapu kichwani, na ndani ya kikapu magazeti ya kumridhisha duanye. Kiuno kilikuwa kimenenepa vilivyo. Wateja wa Goma wakaweka vikombe chini.

"Bonjour, chef," akasema.

Faustini aliendelea kuitazama kamba. Nikakohoa.

"Bonjour, mama," akasema. Halafu kazi ikamfungua kinywa yenyewe. "Unabeba nini?"

"Si unaona? Magazeti."

"Na chini ya magazeti?"

"Kikapu."

"Na hapa?" Akaonyesha kiuno.

"Hapa? Hapa nabeba uzee."

"Iko na uzito?"

"Sana. Unataka nikugawie?"

"Wee chef!" Mzee Leonidasi akapaza sauti kutoka Goma. "Acha mama apite, chai inapoa huku!"

Midomo ya Faustini ilikuwa ikipigana na kicheko, na nikadhani yameisha. Lakini akainama, akavunja kanuni yangu. "Mama, niangalie vizuri. Hunijui?"

Nilitamani kumfinya. Mama Faustini alimkagua kama anavyokaguliwa kitambaa, akitafuta kasoro.

"Nakujua. We ni duanye." Kisha akamwonea huruma, akamwita mwanangu kwa Kifaransa. "Usijisikie mubaya, mon fils. Hata mutoto wangu anafanyaka hii kazi."

"Mutoto wako nani?"

"Faustini. We huwezi kumujua, ule ni mukubwa." Akasogea, akashusha sauti, nasi sote tukasogea. "Nikuambie kitu? Lakini usiandike."

"Siandiki."

"Ule Faustini, ni mi nilimupitisha hapa. Hapa hapa. Nilimuzala Goma, karatasi hana, na duanye wa siku ile alikuwa mubaya, angetuzuia. Nikamufunga chini ya kitenge ya tatu. Ule mubaya akaniuliza, mama, unabeba nini? Nikamwambia, ndizi."

Faustini alishika kamba. "Na... hakulia?"

"Nani, Faustini? Ata!" Akacheka, meno yote yaliyobaki yakaonekana. "Alinyamaza kabisa. Alijua kazi. Sasa leo ni yeye anakamata watu. Magendo anakamata magendo!"

Kule Goma mtu aliangusha kijiko. Mimi nilitazama paa. Faustini alisimama na shati lake la forodha lenye vifungo vyote, na ninawaambia sijapata kumwona mtu mzima aliyeonekana wazi vile kuwa ametokea chini ya kitenge cha tatu. Nilidhani atainua kamba kwa mikono miwili kama yule wa adabu. Hakufanya hivyo. Alikuwa mtoto wa mama yake. Alikunja uso, akatia mkono kikapuni, akapekua magazeti moja moja, akanusa moja.

"Magazeti tu," akasema kwa sauti nzito iliyovunjika mwishoni. "Pita. Na kesho nisikuone na kitu kingine."

"Kesho?" akasema Mama Faustini. "Kesho utaniona."

Akavuka. Wateja wakampigia makofi. Akafungua cha kwanza, akafungua cha pili, akaanza kupanga mali mezani: atlasi, kitabu cha sungura, hesabu za darasa la nne, na kufuli jipya, bado na kadi yake ya dukani.

Niligeuka kutazama meza yangu. Ilikuwa tupu.

Mama Faustini aliliinua kufuli juu, likang'aa. "Hii ni mali ya maana. Ya nani hii?"

Wote tukamtazama Faustini. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Sijui, mama," akasema. "Si yangu."

"Bon. Basi ni yangu," akasema, akalirudisha kiunoni.

Alipotoka mlangoni Faustini alinikabidhi funguo za lile kufuli, na mpaka leo ninazo, hazifungui kitu. Siku za mapumziko yake humwomba Silasi ile kofia na kushika kamba mwenyewe. Mama yake hajui kwamba yule ni mwanawe. Anajua tu kwamba kuna duanye mmoja mjinga, mwenye sura nzuri, na siku akiwa hayupo humwulizia.

Sasa lile tumbo. Sherehe ya kuniaga mliifanya upande wa Goma, mkanipa saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyebuni kwamba mtu akimaliza kuwahi kazini apewe saa. Nikaibeba mikononi, naelekea kwenye kamba ili nirudi Gisenyi. Mama Faustini akanivuta kando.

"Madamu, unaibeba hivi? Hivi wazi wazi? Ni nani alikulea?"

Akanifunga mwenyewe, chini ya kitenge cha pili, kwa fundo lile. Nikamwuliza kama atanifundisha. Akasema nimechelewa, lakini tutajaribu kesho.

Atakayeshika kamba baada ya Silasi, ashuku na ashindwe. Silasi mwenyewe alikuwa pale, kofia imeteremka hadi kwenye nyusi. Alinizuia kwa kiganja.

"Madamu. Unabeba nini?"

Tumbo likasema tik.

"Uzee," nikasema.

Akainama, akaweka sikio, akausikiliza kwa makini. Kisha akanyanyuka, akatazama kichwani pangu, akaona hakuna kitu.

"Pita," akasema.